MSHIKA KISU ACHUKUE MWISHO

Neno usawa halina adui mkutanoni. Kila asimamaye jukwaani hulitamka, na kila asikiaye hupiga makofi. Bepari hulitamka, kabaila hulitamka, na hata serikali ya kikoloni ililitamka. Kwa hiyo sisi tulio watumishi wa chama hatuwezi kuridhika na makofi. Yatupasa tuulize: usawa wa nini, kwa nani, na ni nani atakayegawa?

Twauliza haya kwa sababu twakutana nayo kila tunapotembelea matawi. Mbolea ya ruzuku imefika na mifuko haitoshi, nani apewe? Fedha ya mikopo yatosha vikundi vitatu, na vilivyoomba ni tisa, kipi kianze? Kipande cha ardhi ya kijiji kimebaki, na vijana wenye kukitaka ni wengi, akatiwe nani? Haya ndiyo maswali ya usawa. Hayakai vitabuni kwa wanafalsafa peke yao. Yako chini ya mwembe na katika ofisi ya mtendaji, na wananchi waliochoka kuyauliza bila kujibiwa huacha kuja mikutanoni. Mwananchi akiacha kuja mkutanoni, chama kimepoteza zaidi ya ada yake.

SAWA ILE YA MKOLONI

Tuanze na jambo la nyumbani ambalo wazee wetu walilishuhudia kwa macho. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ililipanga upya Baraza la Kutunga Sheria. Viti 30 vya wajumbe wasio wa upande wa serikali viligawanywa hivi: Waafrika viti 10, Waasia viti 10, Wazungu viti 10. Mpango huo ulisifiwa kuwa ni usawa wa rangi zote tatu. Ukitazama namba tupu, kumi na kumi na kumi, hakuna aliyepunjwa.

Lakini Waafrika wakati ule walikuwa zaidi ya milioni 8. Waasia walikuwa laki moja hivi, na Wazungu 20,000 hivi. Mwenye kujua hesabu na ahesabu. Wazungu 2,000 walipata kiti kimoja, na Waafrika 800,000 walipata kiti kimoja. Maana yake Mzungu mmoja alipimwa kuwa sawa na Waafrika 400. Na juu ya hayo, serikali ilijiwekea wajumbe wake 31, ili hata hao 30 wakiungana wote wasiishinde.

Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mambo yaliendelea vile vile. Mpiga kura alilazimishwa kuwapigia kura watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na asipofanya hivyo kura yake iliharibika. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikabishana sana, ikaamua kuingia katika uchaguzi ule ingawa ulikuwa mbaya, na ikashinda.

Twayakumbusha haya kwa sababu yana fundisho ambalo halijachakaa. Mafungu yaweza kuwa sawa na wizi ukawa ndani yake. Tukitaka kuujua wizi huo tusitazame mafungu peke yake, tutazame pia mkono ulioshika kisu. Mwaka 1955 kisu kilishikwa na Gavana na wenzake. Wale waliokatiwa hawakuulizwa.

FILIMBI MOJA, WATOTO WATATU

Wenye hekima wa dunia wamelifikiri jambo hili muda mrefu, nasi tusione haya kujifunza kwao, wala tusione haya kuwapinga.

Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba haki ni kuwapa walio sawa mafungu sawa, na walio tofauti mafungu tofauti, kwa kadiri ya wanavyostahili. Alitoa mfano wa filimbi: zikigawiwa filimbi, iliyo bora na apewe mpigaji bora, wala si mtoto wa ukoo mkubwa. Neno hilo ni zuri. Lakini mtu huyo huyo alifundisha kwamba wako watu waliozaliwa kuwa watumwa kwa maumbile yao. Aliyepima nani anastahili na nani hastahili alikuwa mwungwana, na watumwa hawakuitwa kutoa shauri.

Mwaka 2009 Amartya Sen, mtaalamu wa uchumi aliyezaliwa Bengal, India, aliirudia filimbi kwa namna nyingine. Wako watoto watatu na filimbi moja. Wa kwanza asema: nipeni mimi, kwa kuwa katika sisi watatu ni mimi tu nijuaye kuipiga. Wa pili asema: nipeni mimi, kwa kuwa mimi ni maskini, wenzangu wana vitu vya kuchezea na mimi sina hata kimoja. Wa tatu asema: nipeni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeichonga kwa mikono yangu miezi mingi. Ndugu msomaji, ungempa nani?

Tukiliuliza swali hili katika tawi lolote, wanachama watagawanyika. Mmoja ataitetea kazi, mwingine ataitetea shida, wa tatu atasema apewe yule atakayeleta faida kwa wote. Sen asema kwamba watoto wote watatu wana sababu ya haki, na kwamba watu wenye akili timamu waweza kutofautiana hapo bila yeyote kuwa mwovu. Sisi twakubaliana naye. Ndiyo maana twawaonya wale wajao mikutanoni na kipimo kimoja mfukoni, wakidai kwamba kipimo hicho chatatua kila jambo.

Chukua kipimo cha kazi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nasi twakisifu kipimo hiki, kwa maana mvivu hana haki ya kula jasho la mwenzake. Lakini Karl Marx, mwaka 1875, alikwisha kuonyesha upungufu wake. Wafanyakazi wawili wamefanya kazi sawa wakalipwa sawa; mmoja ni mseja, mwingine ana mke na watoto wengi. Walipwa sawa, na nyumbani mmoja ashiba na mwingine alala njaa.

Chukua basi kipimo cha kumpa kila mtu kitu kile kile. Mwaka 1979 Sen huyo huyo aliuliza katika hotuba yake: usawa, ndiyo, lakini usawa wa kitu gani? Wape watu wawili baiskeli moja moja, na mmoja wao hana miguu. Mmoja amepewa chombo cha safari, mwingine amepewa chuma cha kuegemeza ukutani. Kwa hiyo Sen ashauri tutazame kile ambacho mtu aweza kukifanya na kuwa nacho maishani mwake, tusiishie kutazama alichokabidhiwa mkononi.

Basi vipimo ni vingi, na kila kimoja kina ukweli wake. Hapo ndipo hatari iingiapo. Mahali palipo na vipimo vingi, mgawaji mwenye tamaa hukosa haya. Leo atasema kazi, kwa sababu shemeji yake ana shamba kubwa. Kesho atasema shida, kwa sababu mpwa wake hana kitu. Kesho kutwa atasema ujuzi, kwa sababu mwanawe ametoka chuoni. Kila siku atakuwa na sababu nzuri, na kila siku mali itaingia ua ule ule.

MWENYE KISU KIKALI

Iko methali yetu isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wengi huisema kama sheria ya Mungu. Sisi twasema hiyo ni habari ya dunia ilivyo, wala si amri ya namna inavyopasa kuwa.

Mwaka 1971 John Rawls, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitoa kitabu kikubwa juu ya haki. Alitaka tufikiri hivi: watu wamekaa kupanga sheria za nchi yao, lakini wamefunikwa pazia. Hakuna anayejua kama yeye ni tajiri au maskini, mwenye kipaji au asiye nacho, wa ukoo mkubwa au wa chini. Watapanga sheria gani? Rawls ajibu kwamba kwanza watataka uhuru sawa kwa kila mtu. Kisha, wakikubali mmoja apate zaidi ya mwingine, watakubali kwa masharti: vyeo viwe wazi kwa wote kwa haki, na ile ziada imfae hata yule aliye chini kuliko wote. Daktari aweza kulipwa zaidi, ikiwa malipo hayo yatamfikisha kwenye zahanati ya mbali ambako mama mjamzito amngoja. Hapo ziada ya daktari ni faida ya mama yule.

Fikira hii ni njema, lakini pazia lake ni la mawazo. Kijijini hakuna pazia. Mwenyekiti amjua mwanawe, na mtendaji ajua nani alimnunia jana. Hatuwezi kumfanya mgawaji asijue.

Twaweza, hata hivyo, kumfanya achukue mwisho. Rawls mwenyewe, katika kitabu kile kile, alitaja kanuni ambayo mama zetu waitumia jikoni bila kusoma Harvard: mtoto mmoja aukate mkate, naye awe wa mwisho kuchukua kipande. Mtoto huyo, hata akiwa mlafi wa kupindukia, atakata sawa, kwa kuwa ajua kipande kitakachobaki ndicho chake. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haimngojei mtu mwema. Yafanya kazi hata kwa mwenye tamaa, na nchi haijengwi kwa kudhani kwamba viongozi wote watakuwa malaika.

Hapa atasimama mtu na kutuambia habari za Robert Nozick, naye wa Harvard, aliyempinga Rawls mwaka 1974. Nozick alitoa mfano wa Wilt Chamberlain, mchezaji hodari wa mpira wa kikapu. Watu milioni moja, kila mmoja kwa hiari yake, watoa senti 25 ili kumtazama akicheza. Mchezaji apata dola 250,000. Ni nani aliyeibiwa? Na serikali ina haki gani ya kumnyang'anya ili watu warudi kuwa sawa?

Hatulidharau swali hili. Aliyepewa kwa hiari si mwizi, nasi hatupigani na mtu kwa sababu ana kitu. Lakini hoja yote ya Nozick yasimama juu ya neno moja, hiari. Muulizeni mkulima wa vitunguu au viazi ambaye mazao yake yanunuliwa kwa lumbesa. Gunia lajazwa mpaka mdomoni, kisha lafungiwa kilemba juu yake, na bei yabaki ya gunia moja. Naye alikubali, ndiyo. Alikubali kwa sababu mnunuzi ndiye aliyeshika kipimo, gari lilikuwa la mnunuzi, na vitunguu vilikuwa vyaanza kuoza. Tena mali ikikusanyika sana mkononi mwa mtu mmoja, mwaka wa pili hanunui chakula tu. Hununua uwanja, na mwamuzi, na mwisho hununua sheria ya mchezo. Hapo ndipo kisu huhama bila kura kupigwa.

NCHI HII ILIJARIBU

Wanaosema kwamba mambo haya ni ndoto wasome historia yetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza, lakini siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alianza na kisahani chake.

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Ndani yake yalikuwamo masharti ya viongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tukiyasoma masharti haya leo, twaona kwamba yalikuwa kanuni yetu ya jikoni iliyovikwa mavazi ya taifa. Aliyeshika kisu alikatazwa kujikatia kwanza.

Matokeo yake yalionekana. Mwaka 1977, katika taarifa yake ya miaka kumi ya Azimio, Mwalimu alieleza kwamba mwaka 1961 mshahara mkubwa, baada ya kodi, ulikuwa kama mara 50 ya mshahara wa chini, na kufika 1976 ulikuwa kama mara 9. Kwa miaka 15 hiyo si kazi ndogo. Taarifa ile ile haikuficha kwamba nchi ilikuwa bado maskini na kwamba uzalishaji haukwenda kama ilivyotarajiwa. Nasi hatufichi. Kugawa vizuri hakumwondolei mtu wajibu wa kulima. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Liko na funzo la pili, chungu zaidi. Novemba 1973 iliamriwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanakaa vijijini. Mamilioni walihamishwa, na mahali pengine kwa nguvu. Nia ilikuwa kuwafikishia watu shule, maji na zahanati, yaani usawa. Lakini aliyechora ramani hakuhamishwa yeye, na aliyehamishwa hakuuliza wala kuulizwa. Chama kilichokuwa kimeukataa mgawo wa Gavana kikawagawia watu mahali pa kukaa bila kuwauliza. Nia njema haitoshi ikiwa wakatiwao hawana kauli juu ya kisu.

Kisha, Februari 1991, katika uamuzi uliofanywa Zanzibar, masharti yale ya viongozi yalilegezwa. Twajua sababu zilizotolewa: dunia imebadilika, na kiongozi naye ana watoto wa kusomesha. Lakini tuone yaliyofuata huko chini.

Mwaka 2008 serikali ilianza kugawa vocha za ruzuku za mbolea na mbegu. Wataalamu wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walichunguza vijiji vya Kilimanjaro wakachapisha matokeo yao mwaka 2012. Walikuta kwamba kama asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwa viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Na hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vile vyenye tofauti kubwa ya mali. Wananchi, someni tena: asilimia 60. Hakuna mkoloni hapo, wala bepari wa ng'ambo. Ni jirani, kwa kisu ambacho sisi wenyewe tulimpa kwa kura zetu.

VIDOLE HAVILINGANI

Tukisema haya, wako wazee watakaotikisa vichwa na kutuambia kwamba hata vidole vya mkono havilingani. Shikamooni wazee wetu, nasi twakubali havilingani. Lakini mtu akitaka kula tonge, kidole kirefu hujikunja mpaka kikutane na kifupi, ndipo tonge lifike kinywani. Wala hakijawahi kuonekana kidole kirefu kikikinyima kifupi damu.

Wengine watauliza: kiongozi akichukua mwisho, nani atakubali kuwa kiongozi? Twajibu kwamba yule asiyekubali kwa sababu hiyo ametuambia mapema alichokuwa akikitafuta, nasi tumshukuru. Kiongozi anastahili posho yake ijulikanayo na heshima ya watu. Mfuko wa mbolea wa mjane haumo katika posho hiyo.

Basi twatoa mashauri matatu, na twataka matawi yayajadili mwezi huu.

Kwanza, kipimo kitangulie majina. Kabla ya mtu yeyote kuandikwa, mkutano wa wote uamue kwa sauti kipimo cha mgawo huu ni nini: shida, kazi, au faida ya wote. Kipimo kikiisha kuamuliwa kisibadilishwe baada ya majina kuonekana.

Pili, majina yasomwe hadharani, na majina ya viongozi na jamaa zao yasomwe ya mwisho. Kama mifuko imekwisha kabla ya kuyafikia, basi imekwisha. Ikiwa kiongozi kweli ni maskini kuliko wote, mkutano wenyewe, wala si yeye, useme apandishwe.

Tatu, wananchi wazijue na wazitumie haki walizokwisha kupewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yaitaka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 wawe wanawake. Sheria iliyotungwa 2018 iliziagiza halmashauri za wilaya na miji kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Swali la kuuliza mkutanoni ni fupi: zimetengwa ngapi, amepewa nani, na nani aliyeamua? Mwenye kuuliza hivyo asiitwe mchochezi. Ndiye mwanachama hasa.

Na sisi watumishi wa chama tutangulie. Tusiende kuwafundisha wanakijiji kanuni ambayo ofisi ya tawi haiifuati. Zikija fulana, sare au posho za semina, balozi wa shina la mbali na apate kwanza, na katibu achukue kilichobaki. Wakatiwa wakituona tumefanya hivyo mara mbili tatu, hatutahitaji hotuba ndefu juu ya usawa. Watakuja mkutanoni wenyewe, na watatudai kwa sauti. Wakitudai, tuwajibu.